Ua wa Bwana Mwandoe

Bwana Mwandoe alikuwa na ranchi isiyoonekana mwisho, na jirani yake Mkawasi, mjane, alikuwa na kishamba cha mawe na ng'ombe mmoja. Siku moja ng'ombe huyo akaingia ranchini kunywa maji. Mkawasi akamfuata mbio hadi langoni.

"Kilichovuka ua wangu ni changu," alisema Mwandoe.

Mkawasi alikuwa akiwatazama ng'ombe wa ranchi wakilamba nguzo za lango kwa pupa.

"Na wako wakivuka kuja kwangu, Bwana?"

Mwandoe alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Hapa wana nyasi, wana maji. Wafuate nini kwenye mawe yako? Wakija, wachukue!"

"Yaseme hayo mbele ya chifu."

Akayasema, tena kwa sauti, na chifu akaandika.

Asubuhi ya tatu Mwandoe aliletewa habari kwamba waya wa mpakani umeangushwa. Alikuta ng'ombe wake arobaini wamejaa kwa Mkawasi, wanalamba mawe kama asali, hata fimbo haiwaondoi.

"Umewapa dawa gani, mwanamke wewe?"

"Magadi tu, Bwana. Nimemwaga gunia moja juu ya mawe. Nyasi uliwapa, maji uliwapa, chumvi ndiyo uliyowanyima."

Chifu akaitwa, akaisoma karatasi yake. Mwandoe akanywea. "Basi, mama, mchukue ng'ombe wako, nami nipe wangu."

"La, kaa naye tu," alisema Mkawasi. "Si alivuka ua wako?"