Jina Moja Katika Wimbo wa Kobelo

Sogeeni. Mwenye haraka atangulie, maana shauri hili linataka watu waliotulia.

Kobelo wa Morogoro alipiga gitaa miaka thelathini. Alichanganya bluzi, fanki na ngoma za Waluguru, hata watu wakawa wanafuta machozi huku viuno vinacheza. Kila wimbo wake ulitaja jina la mtu mmoja, mara moja tu. "Wimbo wenye majina saba ni daftari la mahudhurio," aliwatania wenzake.

Kisha kiharusi kikaulaza mkono wake wa kushoto, ule unaobana nyuzi. "Atakayenirudisha jukwaani," alisema kwa uchungu, "jina lake ndilo nitakaloimba."

Dada yake, Tabia, alikuwa na subira. Kila asubuhi, miezi tisa, aliukanda mkono ule kwa maji ya moto.

"Dada, unaniunguza!"

"Alhamdulillahi, kumbe unasikia."

Vidole viwili vikaamka.

Viwili havikutosha. Chuwa, fundi redio, alikuwa na ubunifu. Alikata shingo ya chupa, akailainisha kwa msasa, akakivisha kidole kilicholala. Mkono ulipoisogeza juu ya nyuzi, gitaa likalia kama mtu.

"Mvivu naye kapata kazi," Chuwa akacheka.

Ila Kobelo sasa alichelewa. Kutoka sauti moja hadi nyingine palibaki pengo, naye akaona aibu. Mbonde, mpiga ngoma wake, alikuwa na sikio. "Kaka, usikimbie. Ukichelewa, niachie mimi hapo." Akayajaza mapengo kwa ngoma, na kule kuchelewa kukawa ndiko kunakochezeka.

Jumapili alasiri ukumbi ulifurika. Kobelo aliogopa kitu kimoja: makofi ya huruma. Akaanza. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu wote walikuwa wanacheza.

"Mzee, utatuua!" mama mmoja akapiga kelele.

Kobelo akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu augue. Mwili wote ukawa mwepesi.

Ndipo wimbo ukafika mahali pa jina. Tabia alikuwa kando ya jukwaa, anacheza na khanga mkononi. Chuwa alikuwa kwenye vipaza sauti, anajifanya anakaza waya. Mbonde, nyuma ya Kobelo, aliurudia mdundo mara ya pili, akimsubiri.

Kobelo akaisogelea maikrofoni, akitabasamu, akafungua kinywa.

Nanyi mliokaa hapa, mngemtilia jina gani kinywani?