Viini vya Bruda Tome

"Usimwage kiini kwa kupenda weupe." Methali hii mliyomsikia bibi yenu akiisema kwa ukali asubuhi, wajukuu zangu, mimi nakijua chanzo chake. Haki ya Mungu, sitatia uongo hata wa kuonjea.

Ilianzia Ureno, kwenye nyumba ya watawa waliovaa kanzu nyeupe. Wanga wao ulikuwa ute wa mayai. Kila Ijumaa Bruda Tome, mpishi ambaye pia ndiye dobi, alivunja mayai mia tatu, akakaza kanzu kwa ute mpaka zikasimama bila mtu ndani. Siku moja kanzu tupu ilihudhuria sala, ikasifiwa kwa utulivu wake. Viini alivimwaga nyuma ya ukuta. Bata wa jirani wakanenepa hata mlango ukawashinda.

Mkuu wao, Abate, akaviona.

"Tome, hicho ni chakula cha watu! Ijumaa ijayo nikikuta kiini kimoja kimemwagwa, funga mzigo."

"Na kanzu, Baba?"

"Ziwe nyeupe vilevile."

Tome hakuwa na kwao pengine. Ijumaa ilipofika alivikoroga viini kwa maziwa na sukari, akamimina kwenye vikombe vya unga uliokandwa, akatia tanurini. Kwa hofu alikuwa amezidisha kuni. Vikatoka na madoa meusi. Abate huyo mlangoni.

"Umeunguza!"

"Nimeunguza, Baba. Lakini sikumwaga."

Abate akaonja kimoja, uso umekunjamana. Cha pili, uso ukakunjuka. Cha sita kikamdondokea kifuani, doa la manjano kwenye kanzu nyeupe pee.

"Liache," akasema. "Na wewe usiende popote." Tangu hapo watu husema—

"Babu," Rukaya akanikata, "mbona kofia yako imekakamaa kama sufuria?"

Sijajibu, bibi yao akatokea jikoni na trei tupu ya mayai.

"Methali hiyo nimeitunga mimi leo asubuhi, nilipokuta viini kumi na viwili mtaroni! Wanga umekwisha, bwana anataka kofia ya harusini, basi mayai yangu yote!"

"Lakini kule Ureno, mke wangu..."

"Ureno utakwenda kesho. Leo nenda dukani!"

Shee, mjukuu wangu mwingine, alicheka mpaka akakaa chini.

Nikanunua trei nzima, nikasimamishwa jikoni na kofia yangu kichwani, nikikoroga viini kwa maziwa na sukari. Vya kwanza viliungua. Wakavimaliza hivyo hivyo, wakinyang'anyana, bibi yao akiwa wa kwanza kulamba mwiko. Tone moja likaruka, likatua kwenye kofia.

"Nikusafishie?" akauliza, akijizuia kucheka.

"Liache," nikamwambia. "Usimwage kiini kwa kupenda weupe."