Nyati Aliyeshikiliwa Kituoni

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulie!
Ina vumbi miguuni!
— Na iingie hivyo hivyo!
Haina haraka!
— Basi ikae, nasi tukae!

Haya, sogeeni. Wewe wa kule nyuma, acha kunong'ona. Leo nawapeleka mbali, nchi ya Thai, kule mashambani ambako mpunga unaanzia mlangoni na kuishia mbinguni. Kule nyati si yule wa porini tunayemkimbia sisi. Ni mnyama wa nyumbani. Analima, anavuta mkokoteni, anaitwa kwa jina, anaitika.

Basi hapo kale, lakini si kale sana maana polisi walikuwapo, aliishi mjane mmoja katika kijiji cha Ban Huai Lom. Jina lake Bi Bualai. Mume hana, mtoto hana. Ana jaruba moja la mpunga na nyati jike mmoja, Duang. Alimlea tangu ndama.

Jaruba lile lilikuwa katikati ya mashamba mawili ya Bwana Sawang, mwenye kinu cha kukoboa mpunga. Bwana Sawang alilitaka. Alikuja mara ya kwanza, akasema, "Niuzie." Bi Bualai akasema, "Siuzi." Akaja mara ya pili na kitambaa cha hariri. "Niuzie." "Siuzi." Akaja mara ya tatu mikono mitupu, uso umekunjamana.

"Niuzie, mama."

"Siuzi, bwana. Nikiuza nitalima wapi?"

Bwana Sawang akaondoka bila kuaga.

Sasa sikilizeni. Nyati wote wa Bwana Sawang walikuwa na alama: mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Duang hakuwa na alama. Mtu mwenye nyati mmoja anamwekea alama ya nini?

Mchana mmoja Bi Bualai alimwacha Duang dimbwini, akaenda kukata majani. Aliporudi, sikio la kushoto lilikuwa linachuruzika damu. Mikato miwili! Akavua mtandio wake, akaanza kufuta damu. Kufumba na kufumbua, Bwana Sawang huyo, na Sajenti Thawil wa kituo cha polisi yuko naye.

"Mwone, Sajenti! Ameniibia nyati, na sasa anakwangua sikio kuifuta alama yangu!"

Mama wa watu alikuwa bado ameshika mtandio wenye damu.

Akapelekwa kituoni. Duang naye akapelekwa, akafungwa uani kuwa kidhibiti, yaani ushahidi wa kesi. Mnyama mzima, mwenye pumzi, akaandikiwa namba kama jembe la wizi! Konstebo aliyempokea aliitwa Prayun, kijana mpole mwenye mwandiko mzuri. Bi Bualai akamwambia, "Mwanangu, nifungeni mimi mnavyotaka. Lakini huyu msimkimbize, wala msimfunge karibu na ukuta. Ana mimba kubwa."

Prayun akaandika ombi lile katika kitabu cha matukio, na saa yake.

Siku mbili mahabusu. Kisha mkuu wa kijiji akaja kumwekea dhamana. Tangu hapo kila asubuhi Bi Bualai alitembea kilomita sita, mzigo wa majani kichwani, kumlisha Duang. Na kila asubuhi Sajenti alimkuta hapo.

"Kiri, upunguziwe adhabu."

"Duang ni wangu, afande."

"Kiri, mama. Wizi wa mifugo ni kifungo."

"Duang ni wangu, afande."

"Kiri! Nani atakuamini wewe mbele ya Bwana Sawang?"

Hapo Bi Bualai alifungua mzigo wake, akatandaza majani, akasubiri nyati ale. Bwana Sawang je, alileta majani? Hata unyasi mmoja!

Siku ya kesi ikafika. Mahakama ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na kituo. Watu wa Ban Huai Lom walijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa mwanamke, Hakimu Orathai, mgeni wilayani, joho jeusi, sauti ndogo inayokulazimisha kunyamaza ili uisikie.

Bwana Sawang akaapa. "Mheshimiwa, nyati yule ni wangu mwaka wa pili huu. Ni tasa. Nilikuwa nimeshaamua kumpeleka kwa mchinjaji."

Akafuata mchungaji wake, Khamta, mtu mzima mwenye mabega mapana. Akasema ile ni alama ya bwana wake, anaijua. Aliyasema hayo akitazama vidole vya miguu yake.

Kisha akaitwa Konstebo Prayun na kitabu chake. Sajenti Thawil alimkazia macho tangu mlangoni. Kijana akakifungua kitabu.

"Soma ulichoandika siku ile," akasema Hakimu.

Prayun akaufikia ukurasa. Angeweza kuruka mstari. Nani angejua? Akasoma. Wote wakasikia: *mtuhumiwa anaomba mnyama asikimbizwe, ana mimba kubwa.*

Hakimu akamgeukia Bwana Sawang. "Ulisema tasa?"

"Tasa, mheshimiwa. Shamba zima linajua."

"Basi twende tukamwone. Kidhibiti hakiwezi kupanda ngazi. Mahakama itashuka."

Mahakama ikashuka! Hakimu mbele, karani nyuma na karatasi zake, polisi, mashahidi, kijiji kizima, wakavuka barabara juani.

Wakaingia uani, wakasimama.

Duang alikuwa amelala ubavu. Macho yamemtoka, mbavu zinapanda na kushuka. Na nyuma yake kulikuwa kumechomoza ukwato mmoja mdogo. Mmoja tu, jamani, na ndama hutanguliza mbili.

Bwana Sawang akasogea kuonyesha umiliki. Duang akainua kichwa, akaelekeza pembe. Bwana Sawang akarudi alikotoka, tena upesi.

Bi Bualai akapiga hatua moja, akasita. "Mheshimiwa, mimi ni mshtakiwa. Naruhusiwa kugusa kidhibiti?"

"Mguse, mama. Mguse!"

Akapiga magoti nyuma ya nyati. "Duang, mama yangu, ni mimi." Nyati akashusha kichwa chini. Bi Bualai akakunja mkono wa nguo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautafuta ule mguu uliojikunja ndani. Akaukosa. Akatafuta tena, akaukosa. Mara ya tatu akaupata, akaunyoosha polepole, macho ameyafumba.

"Nishikieni hapa!"

Aliyekuwa karibu ni Hakimu. Akashika. Joho na vyote! Wakavuta pamoja, hakimu na mshtakiwa, na ndama akateleza akaanguka majanini, mweusi, amelowa, kimya.

Hapumui.

Bi Bualai akamsafisha pua kwa kidole. Akamsugua kifua kwa majani. Akaweka mdomo wake kwenye pua ya ndama, akapuliza. Akapuliza tena. Uwanja mzima ulibana pumzi, utadhani pumzi zote zilikuwa zimekwenda kwa ndama yule.

Ndama akapiga chafya.

Ah! Nikueleze nini? Watu walivua kofia. Wengine waliunganisha viganja mbele ya uso, kama wanavyofanya kule mbele ya kitu kitakatifu. Duang akageuka, akaanza kumlamba mwanawe, na mkwaruzo wa ulimi ule ndio pekee uliosikika.

Ndipo Khamta akapiga magoti.

"Mheshimiwa, kisu kilikuwa changu. Nilimkata sikio nyati huyu mchana ule. Nilitumwa. Sajenti alikuwa anangoja barabarani na bwana. Nimesema uongo nikiwa nimeapa. Siwezi tena, siwezi."

Bwana Sawang akatafuta uso wa Sajenti. Sajenti alikuwa anatazama ukuta.

Hakimu Orathai hakurudi ndani. Alisimama palepale, joho limelowa, akamwambia karani aandike. Kesi ya Bi Bualai imefutwa. Nyati ni wake, na ndama ni wake. Bwana Sawang na Sajenti wakae chini ya ulinzi. Mkanda wa Sajenti ukafunguliwa, na aliyeagizwa kuufungua ni Konstebo Prayun.

"Na wewe Khamta," akasema Hakimu, "Jumatatu utarudi hapa kujibu kosa lako. Kwa miguu yako mwenyewe."

"Nitarudi, mheshimiwa."

Jua likapungua. Duang akasimama. Ndama naye akajaribu, akaanguka, akajaribu, akaanguka. Njia ni kilomita sita. Khamta akakaribia, akainama, akamweka ndama mabegani mwake. Kisha akasimama hivyo hivyo, hathubutu kupiga hatua, anamtazama mjane ambaye angekuwa amefungwa kwa ajili ya kisu chake.

Bi Bualai akamsogelea, akamwelekeza mkono chini ya shingo ya ndama.

"Mshike vizuri shingo," akasema. "Bado laini."

Wakashika njia.

Hadithi imeinuka!
— Na ijikung'ute!
Imeniachia koo kavu!
— Tutakupa maji!
Nami nimemaliza, na mlango uko wazi.