Kanga ya Bi Mwanakheri

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu, msikie.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi kumi na nne Shaabani, baada ya alasiri, vita vilipofika ng'ambo ya mto. Wakaanza kuja kina mama wakimbizi na watoto wachanga.

Bi Mwanakheri alikuwa muuguzi. Aliwapokea wote. Akawakanda kwa maji ya moto, akawapikia uji wa pilipili manga, akawahesabia siku mpaka arobaini.

Binti yake, Mize, alikuwa na miaka tisa. Kitanda chake akapewa mzazi. Akalala mkekani. Bakuli lake akapewa mzazi. Akala kwenye kifuu. Siku moja akaona kanga aliyobebewa yeye imembeba mtoto wa watu.

"Mama, hiyo yangu."

"Wewe una miguu, mwanangu."

Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi, zimwi likasikia harufu ya wachanga. Lilikuwa na mwiko: haliingii nyumba bila kukaribishwa. Likajigeuza mwanamke, likakumbatia furushi.

"Hodi."

"Mtoto ana siku ngapi?" akauliza Bi Mwanakheri.

"Saba."

"Mfunue nimwone."

"Amelala." Likaondoka.

Kesho yake, "Hodi."

"Ana siku ngapi?"

"Saba."

"Jana saba, leo saba? Hakuna mzazi asiyejua siku zake. Nenda zako."

Akaionya nyumba nzima: "Asiitikie mtu hodi ila mimi."

Siku ya tatu Bi Mwanakheri alikwenda kisimani, mtoto mmoja mgongoni katika ile kanga. Mize alikuwa nyuma ya mlango.

"Hodi. Nimekuja kuwachukua wageni wote. Mama abaki na mwanawe."

Mize akafikiri kidogo.

"Karibu," akasema. Akaondoa komeo, akakimbilia uvunguni.

Zimwi likajaa chumba kizima. Bi Mwanakheri akarudi, ndoo ikamponyoka.

"Aliyenikaribisha ajitokeze," likanguruma. "Nitamla huyo, nisirudi tena hapa. Akijificha, nawala watoto wote."

Bi Mwanakheri akaona vidole vya miguu vya Mize vikitokeza uvunguni. Akajua.

"Ni mimi," akasema. "Nyumba ni yangu; anayekaribishwa humu, nimemkaribisha mimi."

Akamshusha mtoto mgongoni, akainama, akamsogezea Mize, pamoja na ile kanga.

"Mbebe. Ana siku kumi na moja."

Basi, zimwi likamchukua Bi Mwanakheri.

Mize akambeba mtoto. Akahesabu kumi na mbili. Akahesabu kumi na tatu. Akahesabu mpaka arobaini.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mkimwona mama yenu amempakata mtoto wa mwenzake, msione wivu. Hajawapunguzia ninyi kitu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwanakheri, amlaze mahali pema, awarehemu na wote waliokufa katika vita vile. Semeni amina.