Mafundo Tisa ya Bi Zawena

Haya, sogeeni. Wa nyuma acheni kucheka, sijasema kitu bado. Hadithi hii inatisha, na mimi nikiogopa husimulia mbiombio, kwa hiyo tegeni masikio.

Katika mji wa Ukwamba walikuwako watu watatu wenye vipaji. Siwema, mke wa mtu, akisikia neno leo, mwakani atalirudia pamoja na kikohozi kilichokatiza katikati. Dunga, mwenye kisima, alijaliwa pua: mkeo akiunguza maharage mtaa wa pili, yeye ndiye wa kwanza kukupa pole. Na Faki, mtunza kamba wa Jumbe, alikuwa na vidole: mpe fundo akiwa amefumba macho, atakuambia nani alilifunga, na kama siku hiyo alikuwa ameshiba.

Alikuwako pia Bi Zawena, mkunga. Huyu siku hiyo hakuwa na kipaji chochote ila kutetemeka.

Aliketishwa barazani kwa Jumbe Mwekwa, mikono imefungwa kwa ganda bichi la mgomba. Mbele yake ilining'inia kamba yake ya ukunga. Ukwamba kila mkunga alikuwa na kamba, na mtoto akimfia, Faki alifunga fundo. Sheria ilisema hivi: mafundo yakizidi matatu kwa mwaka, mikono ya mkunga huyo ina balaa, na mwenyewe avushwe mto akaachwe kwenye bwawa la mamba kabla jua halijapita utosi.

Kamba ya Bi Zawena ilikuwa na mafundo tisa.

"Tisa," alisema Jumbe. "Bi Rukia, mkunga mwenzako, ana mawili. Mji mmoja, mwaka mmoja. Una neno, bibi?"

Bi Zawena aligeukia mlangoni. Nje aliwasikia wavushaji wakitayarisha mtumbwi.

"Unavuja huu," mmoja alisema.

"Kwani tunakwenda kuoa?" mwenzake akajibu. "Ni safari ya mara moja."

Bi Zawena akaiangalia mikono yake, ikamwogopesha kuliko mamba. Huenda ni kweli, aliwaza. Huenda ni mimi. Mikono hii hii imewapokea nusu ya watu waliokaa hapa, na nisingejua imeanza kuua lini.

Ndipo Siwema aliposimama. Bi Rukia, aliyekuwa mama mkwe wake, akamvuta kanga. "Kaa chini, mwanangu. Huna ulijualo."

"Ninalijua, mama. Unisamehe." Akamgeukia Jumbe. "Wazazi wawili walikaa kwetu siku mbili mbili wakiumwa uchungu. Mama alipoona mambo yameharibika aliniambia, 'Wakimbize kwa Zawena. Fundo humwangukia anayepokea.'" Kisha akakohoa, kikohozi chembamba chenye mluzi mwishoni, na baraza nzima ikamgeukia mwenye kikohozi chake. Bi Rukia alitazama chini. Faki akafungua mafundo mawili. Siwema hakurudi kukaa. Alijua kwamba mlango wa nyumba ile umeshafungwa kwake.

"Saba," alisema Jumbe. "Mtumbwi uko tayari?"

"Uko tayari," sauti ilijibu kutoka nje, bila huzuni yoyote.

Dunga alijipangusa jasho. "Jumbe wangu, ile wiki ya mvua kubwa choo cha jirani kilibomoka, kikatiririkia kisimani kwangu. Pua ilijua siku ya kwanza. Mdomo ukanyamaza, maana kisima ndicho ugali wangu. Nyumba mbili zilizochota kwangu zikapoteza vichanga. Lakini nyumba hizo hizo zilipoteza na babu mmoja, na mbuzi wanne. Mbuzi nao walizalishwa na Bi Zawena?"

Mtu mmoja alicheka, akakimeza kicheko nusu njia. Jumbe akaamuru kisima kifukiwe siku hiyo hiyo. Mafundo mawili mengine yakafunguliwa.

Tano. Bi Zawena alihesabu mwenyewe, midomo ikichezacheza. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimebaki upana wa kiganja jua lifike utosi. Mvushaji mmoja akachungulia mlangoni, akampima kwa macho kama mtu anayekadiria gunia.

Faki alikuwa bado ameishika kamba. Hakuiachia.

"Mbona umeganda?" Jumbe aliuliza.

"Haya mawili yamefungwa kwa mkono wangu, na hayakustahili." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Marehemu aliyenitangulia kazini alimfungia fundo mtoto aliyelia akasikika, huyo tu. Sheria ya matatu iliwekwa kwa hesabu yake. Nilipoingia mimi, nikataka nionekane hodari, nikafunga hata mimba zilizotoka za miezi mitatu. Hizi mbili hazikufika mikononi mwa mtu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu alipokamatwa."

"Na ukangoja mpaka sasa?"

"Mtunza kamba akikosea, hukatwa vidole, Jumbe. Vidole ndivyo nilivyo navyo."

Akayafungua, yakabaki matatu. Matatu hayajazidi matatu, na bila mmoja yeyote wa wale watu watatu yangekuwa matano. Bi Zawena akafunguliwa mikono. Watoto wa mafundo hayo matatu aliwajua kwa sura, akawalilia.

"Bado, bibi," alisema Jumbe. Desturi ya Ukwamba ilikuwa kwamba aliyeokolewa barazani amshike mkono mwokozi wake, mmoja tu. Huyo anakuwa mwanawe: atalala kwake, atakula kwake, na adhabu yoyote iliyo juu yake inaanguka. Jua likipita utosi hajamshika mtu, hukumu ya kwanza inarudi.

Bi Zawena alisimama. Mbele yake, Siwema hana pa kulala. Dunga hana pa kupatia ugali. Faki amevificha vidole kwapani, na kisu kimeshaletwa. Siwema alisema la kweli juu ya mtu wa nyumbani kwake. Dunga alilificha la kwake mpaka watoto wakafa, kisha akalitoa. Faki ndiye aliyeyafunga, na ndiye aliyeyafungua.

Kivuli cha nguzo kimebaki upana wa uzi.

"Jua, bibi," alisema Jumbe.

Mkono wa Bi Zawena uko hewani. Jamani, msinitazame mimi, mimi nimekuja na hadithi tu. Je, wewe ungeuweka kwa nani?