Kikao cha Majabalini

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kiti!

Kina mwenyewe?

Kinaye!

Anaondoka?

Haondoki!

Haya, sogeeni. Mwenye kiu anywe maji sasa hivi, mwenye haja aende arudi, maana nikishaanza sitaki mtu anyanyuke. Hii ni ngano ya mkutano, na mkutano una adabu zake.

Palikuwa na bwawa, na bwawani mlikuwa na Kiboko, na Kiboko ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Bwawa. Nani alimchagua? Waliokuwepo walisema wamesahau. Wasiokuwepo walisema hawakuulizwa. Mwenyewe alisema alishinda kwa kishindo, na juu ya kishindo hapakuwa na ubishi, kwa sababu kila alipoingia majini kila mtu alikisikia: chubwi!

Halmashauri hiyo ilikuwa na sheria ndogo, na zote alizitunga Kiboko. Ukingo wa mashariki ni wa Mwenyekiti, apate kupumzika. Ukingo wa magharibi ni wa Mwenyekiti, apate kugeukia upande wa pili. Wengine wote wanywe jioni, tena wanywe yale maji yaliyobaki kwenye nyayo za Mwenyekiti. Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: anayeondoka kabla kikao hakijafungwa, huyo amejiuzulu. Nyati alitoka kando akakohoe kwa adabu. Aliporudi akaambiwa hana kiti. Swala alitimua mbio kwa sababu Chui alikuwa nyuma yake. Naye akaambiwa amejiuzulu kwa hiari.

Ng'ambo ya bwawa palikuwa na mawe makavu, nayo ndiyo kata ya Majabalini. Mjumbe wa kata hiyo alikuwa Bibi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnene kama mkate, mkia hana, na kutwa anaota jua. Ukimwona utasema huyu hana neno.

Neno alikuwa nalo. Kiangazi kile watoto wake walikuwa wakiamka alfajiri na kulamba mawe, wapate umande.

"Mama, maji tunakunywa lini?"

"Jioni."

"Na jioni kuna nini?"

"Kuna tope."

Wakaendelea kulamba. Pimbi akawatazama kwa hasira. Alijua kiangazi kikizidi, Majabalini itabaki na mjumbe bila wananchi.

Sasa, mbali huko kwenye makao makuu alikuwako Simba, mfalme wa nchi yote. Simba akasikia kwamba halmashauri zake zimeoza. Akamtuma karani wake, Korongo, apeleke maboresho. Korongo akaja, akasimama kando ya bwawa kwa mguu mmoja, kama kawaida ya korongo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Mfalme ameagiza madaraka yarudi kwa wananchi."

Kiboko akatoa pua majini. "Yarudi kutoka wapi?"

Korongo akajifanya hakusikia. "Kwanza, kila mjumbe aachwe aseme mpaka amalize mwenyewe. Asikatizwe. Na Mwenyekiti asifunge kikao kwa matakwa yake. Mjumbe atoe hoja, mwenzake aiunge mkono, ndipo kifungwe."

Kiboko akatafakari. Vikao vyote vilikuwa vikifanyika hapo hapo bwawani, wajumbe wamesimama tope, yeye amelala katikati ya maji. Akazama ajaribu. Chini kule hapakuwa na sauti ya mjumbe yeyote, palikuwa na ubaridi tu. Akaibuka.

"Nimeafiki. Waseme mpaka ulimi uote sugu."

"Pili, vikao vizunguke. Leo kata hii, kesho kata ile, Mwenyekiti awafuate wananchi waliko."

"Hilo zito," Kiboko akasema. "Hilo tutaliundia kamati."

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti wake Kiboko, katibu wake Kiboko. Ikazama majini, chubwi, na hakuna aliyeisikia tena. Korongo akabaki palepale anangoja taarifa, akabadilisha mguu.

Wiki zikapita, tope likapasuka. Ndipo Pimbi akashuka kutoka mawe yake mpaka ukingoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema upesi."

"Kata ya Majabalini inaomba kuandaa kikao."

"Kwenu jua kali."

"Kali kweli, Mheshimiwa. Ndiyo maana kikao cha nje kina posho."

Masikio ya Kiboko yakacheza, pwi-pwi. "Posho gani?"

"Nyasi changa za kwenye nyufa za mawe. Hazijaguswa na jino la mtu. Tumeweka lundo."

"Lundo kubwa kiasi gani?"

"Mimi nikisimama nyuma yake sionekani."

Kiboko akameza mate. Hakukumbuka kwamba Pimbi akisimama nyuma ya uyoga pia haonekani. Tamaa ina macho makubwa, lakini hayaoni mbali.

"Linaliwa lini?"

"Kikao kikishafungwa. Ndio utaratibu."

"Na agenda?"

"Kufungua, mengineyo, kufunga."

Kiboko akapiga hesabu zake. Kufungua, nafungua. Mengineyo si kitu, ni vijineno vya mwishoni. Kufunga, nafunga. Umande haujakauka, nyasi zimo tumboni na mimi nimo majini.

"Andaa," akasema.

Jioni ile Pimbi akapita kwa Kanga, wakanong'ona kidogo. Kisha akaenda Bondeni kwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Mara... haba... mwanangu."

"Mzee, kesho kwenye mengineyo una neno la kusema?"

Kobe akafikiri, akafikiri. "Mimi... mwanangu... sina... neno."

"Basi mzee wangu, liseme hilohilo. Usiharakishe."

Asubuhi wakakusanyika Majabalini. Kiboko akapanda taratibu, anahema, fuu, fuu, fuu. Akawekewa jiwe pana, ndicho kiti. Mbele ya kiti wakaweka lundo la nyasi. Lilikuwa dogo kuliko alivyoliota, lakini lilinukia. Wajumbe wakaketi. Nyati na Swala, wasio na viti, wakasimama nyuma kama wananchi. Korongo akasimama pembeni kwa mguu mmoja.

"Nafungua kikao," Kiboko akasema. "Mengineyo. Hakuna? Kufunga."

"Lipo, Mheshimiwa," Kanga akasema.

"Neno gani?"

"Dogo tu."

Kanga akasimama, akajipangusa mbawa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, Karani wa Mfalme, waheshimiwa wajumbe, wazee wetu, akina mama, vijana, mliofika, mlio njiani, mliotuma udhuru..."

"Itifaki imezingatiwa. Kaa."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Ila sijawataja ndege."

Akawataja ndege. Alipomaliza wanaoruka akawataja wasioruka. Umande ukakauka. Kiboko akajigeuza huku, akajigeuza huko. Jiwe likaanza kupata moto.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Namwachia Mzee Kobe."

"Mzee Kobe, una neno?"

"Dogo... tu."

Kobe akatoa kichwa. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Mheshimiwa..."

Jua likapanda, Kobe akaendelea. Jua likapanda, Kobe akaendelea. Jua likafika utosini, Kobe akakohoa, akaanza. Ngozi ya Kiboko ikakaza, ikaanza kulia, ka, ka, ka. Jasho jekundu likamtoka, likakaukia mgongoni. Bwawa lilikuwa pale chini, linametameta, analiona kabisa, na anasikia kiu ya mwili mzima. Bibi Pimbi alikuwa amejinyoosha juu ya jiwe lake, jua linampiga tumboni, amefumba jicho moja. Kwake ilikuwa siku njema tu.

Kiboko akauliza kwa sauti ya kukauka, "Nani anatoa hoja tufunge?"

Wajumbe wote wakatazama kucha zao.

"Basi natoa mimi!"

"Mwenyekiti hatoi hoja," Korongo akasema. "Na mjumbe hakatizwi. Uliafiki mwenyewe, Mheshimiwa."

Kiboko akanyanyuka. "Basi kikao kiendelee, mimi najimwagia maji mara moja, narudi."

Huko nyuma Nyati akakohoa.

Alikohoa kwa adabu, mara moja tu. Wote wakageuka kumtazama, kisha wakageuka kukitazama kiti. Kiboko akaelewa. Akakaa tena. Jiwe likamchoma, sss! Akatazama lundo la nyasi. Zimenyauka. Akatazama kiti. Kimechemka. Akamtazama Kobe.

"Mzee, umefika wapi?"

"Mheshimiwa..." Kobe akasema, "nilikuwa... bado... kwenye... salamu."

Ilitosha. Kiboko aliruka kutoka kitini, akateremka mawe, vudu! vudu! vudu! Akapita katikati ya wajumbe, akakanyaga posho yake mwenyewe, akapita ukingo wake wa mashariki, asiuone. Chubwi! Maji yakarushwa mpaka Majabalini, na watoto wa Pimbi wakafungua midomo.

Korongo akashusha mguu wa pili. "Mwenyekiti amejiuzulu kwa hiari," akatangaza. "Kiti kiko wazi. Nani atakikalia?"

Wakakitazama. Kinafuka moshi. Kanga akasema ana wageni nyumbani. Ngiri akasema mgongo unamsumbua. Bibi Pimbi akafumbua lile jicho moja.

"Kama hakuna mwingine," akasema, "mimi nitajitolea."

Akapanda, akajilaza, akasikia joto la jiwe linamwingia mifupani. Kiti kilimkaa sawasawa. Hoja yake ya kwanza ilikuwa fupi: kingo zote za bwawa ni za wote, asubuhi, mchana na jioni. Wanaoafiki waseme ndiyo. "Ndiyooo!" Nyati na Swala nao wakasema ndiyo, na hakuna aliyewakumbusha kwamba hawana kura.

"Na ile sheria ya kuondoka kabla ya kufunga?" Korongo akauliza. "Tuifute?"

Pimbi akatazama jiwe alilolalia, akawatazama wajumbe wenzake, mmoja mmoja.

"Tuiache kwanza," akasema. "Yenyewe haina ubaya. Mzee Kobe, umemaliza neno lako?"

"Nimemaliza natoa hoja tufunge," Kobe akasema kwa pumzi moja.

"Naunga mkono!" akasema Kanga.

Kikao kikafungwa. Wakashuka wote mbio, na siku hiyo bwawa likasikia sauti ambayo halijaisikia siku nyingi, gu-gu-gu-gu, koo za wakubwa na wadogo pamoja. Kiboko alikuwa katikati, pua tu nje. Watoto wa Pimbi walipofika ukingoni akasogea kidogo, wakanywa. Pimbi akawatazama mpaka machozi yakamlengalenga, akasingizia jua.

Alikuwa angali amesimama hapo, tumbo limejaa maji, Mzee Kobe alipomfikia.

"Mheshimiwa... Mwenyekiti..."

Pimbi akaona jina hilo lina utamu wake. "Sema, mzee wangu."

"Kata yangu... ya Bondeni... kwenye kivuli... kwenye baridi... inaomba... kuandaa... kikao kijacho."

Masikio ya Pimbi yakacheza, pwi-pwi.

"Kuna posho?" akauliza.

Na Kobe, ambaye hana haraka, akatabasamu.

Ngano yangu imetumbukia bwawani, chubwi! Aliyerushiwa maji ajipanguse, asiyerushiwa alikaa mbali mno.

Najua mtaniuliza funzo, maana ngano bila funzo mnasema mmepunjwa. Funzo ndilo hili: maneno matupu hayavunji mfupa. Kwa hiyo enyi wadogo, mkiwa mbele ya wakubwa, nyamazeni, acheni kupoteza muda wao.

Nami nimemaliza. Nani anatoa hoja tufunge?

Nauliza nani anatoa hoja, nimekaa hapa tangu jioni, koo limenikauka.

Mbona mnatazama kucha?