Jiwe Lililosaga Bila Ngano

Imesimuliwa, enyi wapenzi wa Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, zama za wema waliotangulia, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Atika, mke wa mchukuzi aliyevunjika kiuno. Swala hazikumpita, funga hazikumpita, lakini moyoni alikuwa na donda: kijicho. Na kijicho hicho kilimwandama jirani yake Lubaba, mjane aliyepewa ngano ya Baitulmali, hazina ya Waislamu, kila mwezi.

"Sisi si ombaomba," Atika alimwambia mumewe, akakataa katakata majina yao yaandikwe kwenye daftari la Baitulmali. Basi kila alfajiri, ili jirani asijue dhiki yake, alizungusha jiwe la kusagia pasipo hata punje ndani. Loo! Watoto wanalia njaa, mama anasaga upepo.

Upande wa pili wa ukuta, wana wa Lubaba walinawiri. Mjane akajenga tanuri, akauza mikate, akanunua mbuzi. Kila mkate ulionukia ulimchoma Atika moyo. "Mbona yeye? Mbona si mimi?" Siku moja wivu ukamzidi, akajitanda shela, akaenda kwa amini, msimamizi wa Baitulmali, mzee ambaye hakumjua yeye ni nani.

"Mwenyezi Mungu akuhifadhi, Sheikh. Lubaba wa mtaani kwetu ana tanuri na mbuzi, na bado mnamlisha! Mfuteni."

"Tumeshamfuta, binti yangu," akajibu amini kwa upole. "Jana alikuja mwenyewe. Kasema, 'Ngano yenu imeniinua, sasa nala kwa jasho langu. Fungu langu mpeni jirani yangu. Kila alfajiri nasikia jiwe lake likikwaruzana tupu. Nami niliwahi kusaga hivyo hivyo, naijua sauti yake.' Jina hakulitaja, kamsitiri. Wewe wa mtaa ule, unaijua nyumba hiyo?"

Atika akainamisha kichwa. Akinyamaza, aibu yake itasitirika, na wanawe watalala na njaa tena.

"Ni yangu," akasema huku akilia. "Na huyo ndiye niliyekuja kumpokonya tonge. Astaghfirullahi, nimemdhulumu."

Amini akaandika jina lake. Alfajiri ya pili jiwe la Atika lilizunguka kwa uzito, na ng'ambo ya ukuta ikasikika sauti ya Lubaba: "Alhamdulillahi!"

Ndugu zangu, mficha uchi hazai. Ngano ile iliinua nyumba moja, ikavuka ukuta kwenda kuinua ya pili, na mjane ndiye aliyeifungulia njia. Mola atusafishe nyoyo tunaposikia harufu ya mkate wa jirani.